ULTRASAUNDI KATIKA UJAUZITO: NI MARA NGAPI?

Mada iliyosomwa na Kamati ya Mfuko wa Jamii mbele ya wanachama na wageni, katika maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi chetu

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti na viongozi wenzetu,
Ndugu wanachama wa Mbeya na wa Iringa,
Kina baba mliotusindikiza,

 

Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha siku hii. Waliotutangulia kusema wameeleza vizuri habari za hisa, mikopo na mgao. Wametukumbusha jinsi tulivyoanza na sanduku moja la bati lenye kufuli tatu, na funguo zikikaa kwa watu watatu tofauti ili asiwepo wa kusema amelifungua peke yake. Sisi tumepewa jambo moja tu, na pengine mtaliona dogo. Lakini mnajua wenyewe kwamba jambo hili limetugombanisha vikaoni kuliko hata marejesho. Ni swali hili: mama mwenye mimba isiyo na matatizo, apige picha ya ultrasaundi mara ngapi? Na kikundi kimlipie mara ngapi?

Kamati yetu ina watu watatu. Mmoja wetu ni mkunga mstaafu, wa pili anauza viazi mviringo Uyole, wa tatu analima nyanya Ilula. Tumekaa pamoja, tumesoma, tumeuliza wataalamu, na haya tunayoyasema leo tumekubaliana wote watatu.

TULIPOKOSEA

Tuanze kwa kusema ukweli, maana sherehe isiyo na ukweli ni ngoma tupu. Katika miaka hii kumi, fedha za ultrasaundi tumezigawa vibaya. Aliyehitaji picha moja tulimnyima. Ambaye moja ilimtosha tukamlipia tano. Wenzetu hao wawili wametupa ruhusa tuyaseme haya bila kutaja majina yao.

Wa kwanza ni wa upande wa Iringa. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na kila mtu alikuwa na neno lake. Mama mkwe alitaka kujua kama ni wa kiume. Jirani alimwambia kwamba siku hizi picha ni kila mwezi, asiyepiga hajipendi. Na kule alikokuwa anapimwa, kila akimaliza aliambiwa arudi mwezi ujao, bila kuelezwa sababu. Basi kila mara alikuja kikaoni, tukafungua kufuli zetu tatu, tukampa mkopo. Mara tano. Majibu yote matano yalikuwa yale yale: mtoto mzima, amekaa vizuri, maji yanatosha. Usiku uchungu ulipomshika mvua ilikuwa inanyesha, na nyumbani hapakuwa na hata nauli ya gari. Mume akazunguka nyumba tatu akigonga milango kukopa. Kufika hospitali ni alfajiri, mama alikwisha jifungulia njiani na damu nyingi imemtoka. Mungu mkubwa, alipona, na mtoto wake alipona. Baadaye alituambia neno ambalo hatujalisahau: "Picha tano ninazo kabatini, lakini nauli moja sikuwa nayo."

Wa pili ni wa upande wa Mbeya. Hiyo ilikuwa mimba yake ya nne. Alipofika miezi mitano alikuja kikaoni kuomba fedha ya ultrasaundi. Alisema tumbo hili silielewi, ni kubwa kuliko yale mengine. Tukamjibu nini? Tulicheka, jamani. Tukamwambia: "Wewe umeshazaa watatu bila picha, hii ya nne unataka picha ya nini? Waachie wenye mimba za kwanza." Akarudi kwenye kiti chake, akakaa kimya. Uchungu ulimwanza kabla ya wakati, akiwa shambani, mbali na hospitali. Wa kwanza alizaliwa mikononi mwa jirani. Ndipo walipojua kwamba yupo wa pili, naye amelala mkingamo. Mpaka gari lipatikane na mpaka wafike, yule wa pili hakulia. Yule wa kwanza yupo, sasa anasoma darasa la pili, na wengi wenu mnamjua. Lakini wapo watoto wawili katika hesabu ya mama yule, na sisi tunaona mmoja tu.

Hatusemi kwamba picha peke yake ingemwokoa yule mtoto. Hilo hakuna awezaye kuliapia. Lakini picha ingemwambia mama kwamba ana mapacha, na mama mwenye mapacha haachwi aende shambani mwezi wa nane, mbali na hospitali. Wenye kosa ni sisi, na tumeona tuliseme leo mbele ya wageni.

ULTRASAUNDI NI KITU GANI?

Wapo kati yetu wanaoiogopa mashine hii, wakidhani ni mionzi kama ile ya eksirei. Siyo. Ultrasaundi ni sauti, ila ni nyembamba mno, sikio la binadamu haliwezi kuisikia. Mmewahi kupita Mlima Kitonga? Ukipiga ukelele pale bondeni, sauti inagonga miamba na kukurudia. Huo ndio mwangwi. Mashine hufanya hivyo hivyo. Inatuma sauti tumboni, sauti inagonga kichwa cha mtoto, mifupa yake na kondo la nyuma, kisha inarudi, na mashine inaugeuza ule mwangwi kuwa picha. Yale mafuta ya baridi wanayokupaka tumboni hayana dawa yoyote. Kazi yake ni kuondoa hewa kati ya ngozi na kile kipimo, kwa sababu hewa huizuia sauti isipite.

Mtaalamu aliyeanzisha matumizi haya kwa kina mama ni Ian Donald wa Glasgow, Uskochi. Kabla ya hapo, mashine za namna hii zilikuwa zinatumika viwandani kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Mwaka 1958 yeye na wenzake, John MacVicar na Tom Brown, walichapisha matokeo yao katika jarida la waganga. Tangu hapo mamilioni ya kina mama wamepimwa, na hadi leo halijaonekana dhara lililothibitishwa kwa mtoto au kwa mama. Hata hivyo wataalamu wanashauri itumike pale penye sababu ya kitabibu, kwa muda unaotosha tu, isifanywe mchezo wa kumtazama mtoto.

SASA, NI MARA NGAPI?

Jibu fupi ni hili, na tunaomba kila mmoja alishike. Kwa mimba isiyo na matatizo ni mara moja, na iwe kabla ya wiki ya 24.

Hatukulitunga sisi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma za wajawazito mwaka 2016. Mwongozo huo unasema kila mama apate picha moja kabla ya wiki 24. Mwaka 2022 shirika hilo lililipitia tena suala hili, likabaki na neno lile lile. Likaongeza kwamba mama aliyekwisha pimwa mapema, na mimba yake inakwenda vizuri, hana haja ya kupigwa picha tena baada ya wiki 24 kama jambo la kawaida. Mwongozo wa 2016 ndio huo huo uliosema mama aonane na mhudumu wa afya angalau mara 8 katika mimba moja, badala ya mara 4 tulizozizoea zamani.

Tafadhali msichanganye hesabu hizi mbili. Mahudhurio ya kliniki ni mara 8. Picha ni moja. Wengi wetu tumegeuza: tunapiga picha nyingi na kwenda kliniki mara chache.

Wiki 24 ni lini? Zinahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na ni kama miezi mitano na nusu kwa kalenda. Kwa hiyo mama anayesubiri hadi tumbo lionekane ndipo aseme, amekwisha chelewa. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba ni asilimia 24 tu ya kina mama wa Tanzania waliokwenda kliniki katika miezi mitatu ya mwanzo. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha idadi hiyo imepanda, lakini ilikuwa bado haijafika nusu. Sababu tunazijua: aibu, imani kwamba mimba changa haitangazwi, na kazi za msimu. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

KWA NINI MAPEMA?

Sababu ya kwanza ni umri wa mimba. Tukiulizwa kliniki hedhi ya mwisho ilikuwa lini, tunajibu nini? "Ilikuwa tunapalilia." "Ilikuwa mvua za kwanza." Mkunga anaandika kwa kukisia. Sasa mtoto mchanga tumboni, katika miezi mitatu ya mwanzo, hukua kwa kasi inayofanana kwa watoto wote, awe wa mama mrefu au mfupi. Akipimwa wakati huo, tarehe inayopatikana haipishani na ukweli zaidi ya wiki moja hivi. Lakini katika miezi mitatu ya mwisho kila mtoto ameshafuata mwili wake, na tarehe ya mashine inaweza kukosea hata kwa wiki tatu. Ndiyo maana mama mwenye picha tatu za miezi tofauti hupata tarehe tatu, akachanganyikiwa. Kanuni ni kwamba inayoshikwa ni tarehe ya picha ya mapema. Na tarehe ina kazi yake. Uchungu ukianza, ndiyo inayomwambia mganga kama mtoto ni njiti au amekomaa. Uchungu ukichelewa, ndiyo inayomwambia kama kweli mimba imepitiliza au hesabu ndiyo iliyokosewa.

Sababu ya pili ni mapacha. Picha inawaonyesha mapema, tena inaonyesha kama wana kondo moja au kila mmoja na lake. Hilo ni muhimu, kwa sababu wanaotumia kondo moja wana hatari zaidi na hufuatiliwa kwa karibu zaidi.

Sababu ya tatu ni kuangalia kama mimba imekaa ndani ya mji wa mimba au nje yake, mtoto ana uhai, na maumbile yake yako sawa. Kwa kuangalia maumbile, wakati mzuri ni wiki ya 18 hadi ya 22. Kwa hiyo mwenye uwezo wa picha moja tu, na mimba haimsumbui, anaweza kupanga na mkunga wake aipige wakati gani kabla ya ile wiki ya 24, ili apate faida zote kwa pamoja.

Na aliyechelewa je? Asikate tamaa wala asijifiche. Mama ambaye hakupimwa mapema anaweza kupimwa hata baadaye, ili ijulikane kama mtoto ni mmoja, amelalaje, na kondo limekaa wapi. Tarehe ndiyo haitakuwa ya kuaminika sana, lakini hayo mengine yataonekana.

MBONA WENZETU WA NJE WANAPIMWA ZAIDI?

Swali hili tumeulizwa sana, hasa na wenye mabinti Ulaya. Ni kweli, nchi hazifanani. Uingereza mama hupewa picha mbili, ya kwanza kati ya wiki 11 na 14, ya pili kati ya wiki 18 na 21. Ufaransa ni tatu. Lakini hata huko hakuna utaratibu wa kila mwezi kwa mimba ya kawaida. Angalieni pia kwamba zile mbili za Uingereza zote ziko kabla ya wiki 24.

Je, zikiongezwa, watoto wanapona zaidi? Hilo limepimwa. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya utafiti wa wanawake zaidi ya 15,000 wenye mimba zisizo na hatari. Nusu walipigwa picha mbili kwa utaratibu, nusu walipigwa pale tu palipokuwa na sababu. Watoto wa pande zote mbili walitoka sawa.

Utafiti mwingine ulikuja karibu zaidi na kwetu. Ulifanyika Kongo, Kenya na Zambia, pamoja na Pakistani na Guatemala, na matokeo yake yalitoka mwaka 2018. Katika maeneo mengine kina mama walipigwa picha mbili vituoni, kwa wahudumu waliofundishwa. Katika maeneo mengine hawakupigwa. Watafiti walitegemea kwamba mashine itawavuta kina mama kliniki na kwamba vifo vitapungua. Havikupungua. Kina mama hawakuongezeka kliniki wala hospitali.

Ndugu zetu, hapo tulikaa kimya tukafikiri. Picha inaonyesha hatari, haiiondoi. Ikionyesha kondo limeziba njia, anayemwokoa mama ni mkunga aliye kazini, damu ya kuongezwa, chumba cha upasuaji na gari la kumfikisha. Picha bila nauli ni karatasi. Mwenzetu wa Iringa alitufundisha hilo kabla ya watafiti.

NI LINI PICHA IRUDIWE?

Tunaposema mara moja, tunazungumzia mimba ya kawaida. Mtu asitoke hapa akasema kamati imekataza ya pili. Ikiwepo sababu, irudiwe hata mara nyingi, na mfuko ulipe. Sababu zenyewe ni hizi:

Mama akitokwa na damu, wakati wowote wa mimba.

Picha ya kwanza ikionyesha kondo limekaa chini karibu na mlango wa kizazi. Wengi wakiambiwa hivi hulia. Msilie. Kadiri mji wa mimba unavyotanuka, kondo nalo hupanda, na kwa kina mama walio wengi huwa limekwisha ondoka njiani kabla ya kujifungua. Lakini lazima picha irudiwe karibu na wiki ya 32 kuhakikisha, kwa sababu lisipoondoka, kujifungua kwa njia ya kawaida ni hatari ya kifo.

Mapacha. Hawa hupimwa kila baada ya wiki nne hivi, na wenye kondo moja kila baada ya wiki mbili.

Mama mwenye shinikizo la damu, kisukari, au aliyewahi kupoteza mtoto tumboni.

Mkunga akipima tumbo kwa futi akakuta ni dogo au kubwa kuliko miezi, au akihisi mtoto amekaa vibaya mwezi wa mwisho.

Mtoto akipunguza kucheza. Hapa msisubiri kikao wala picha. Nendeni kituoni siku hiyo hiyo.

Mtaona kwamba sababu nyingi kati ya hizi hugunduliwa na mkunga kwa mikono yake, kwa futi, na kwa kile kipembe chake cha kusikilizia moyo wa mtoto. Ndiyo maana tunasema kliniki kwanza. Na ukiambiwa urudie picha, una haki ya kuuliza kwa heshima: "Nesi, tunarudia kwa sababu gani?" Sababu ikiwepo, mtaalamu ataieleza na kuiandika kwenye kadi yako.

YALE AMBAYO PICHA HAIYAONI

Mama mmoja alituambia hana haja ya kutolewa damu kliniki kwa sababu ameshapiga picha na mtoto ni mzima. Hili ni kosa kubwa, hasa kwetu huku. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022-23 ulikuta maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa watu wazima yako juu zaidi Njombe, asilimia 12.7, ikifuatiwa na Iringa, asilimia 11.1, kisha Mbeya, asilimia 9.6. Kwa taifa zima ni asilimia 4.4. Ultrasaundi haioni virusi. Haioni kaswende. Haioni upungufu wa damu, wala protini kwenye mkojo, wala shinikizo la damu linalopanda kimya kimya hadi kifafa cha mimba. Hayo huonekana kwa kipimo cha damu, cha mkojo na cha mkono. Mama mwenye virusi akijulikana mapema na kumeza dawa zake sawasawa, anaweza kumzaa na kumnyonyesha mtoto asiye na maambukizi. Haya yote yanapatikana kliniki.

Kuhusu jinsia ya mtoto, kina baba, tunajua ndilo mnalolingojea. Huonekana kuanzia kama miezi mitano, kama mtoto amekaa upande mzuri, na mashine huweza kukosea. Mwanachama wetu mmoja alinunua nguo zote za kiume, akazaa binti, na binti akazivaa mpaka zikamwishia. Ukiwa umekwenda kwa sababu nyingine, uliza. Lakini fedha ya sanduku haitatoka kwa ajili ya kutafuta jinsia.

TUNAYOPENDEKEZA

Ndugu Mwenyekiti, baada ya maelezo haya kamati inaomba mkutano huu upitishe mambo manne.

La kwanza. Kila mwanachama mjamzito, iwe mimba ya kwanza au ya saba, alipiwe ultrasaundi moja kabla ya wiki 24 kutoka mfuko wa jamii. Isiwe mkopo, iwe haki yake. Asiombe kwa kusimama mbele ya kikao. Amwone mweka hazina na kadi yake ya kliniki, basi. Tunataka asiwepo tena mwanamke wa kurudi kwenye kiti chake tukimcheka.

La pili. Picha ya pili na kuendelea ilipwe pale ambapo mhudumu wa kliniki au mganga ameandika sababu kwenye kadi. Bila sababu, mwenye kutaka atumie fedha yake mwenyewe, na hatutamlaumu.

La tatu. Fedha tutakayookoa iwekwe katika bahasha ya kila mjamzito kwa ajili ya nauli na mahitaji ya siku ya kujifungua, na isiguswe kwa jambo lingine. Hapa tukumbushane pia kwamba upo mfumo wa usafiri wa dharura kwa kina mama na watoto wachanga uitwao M-Mama. Namba yake ni 115, na kupiga ni bure. Iandikeni ukutani nyumbani. Lakini bahasha iwepo, maana huku kwetu masika yanapokata barabara, mtu huhitaji njia zaidi ya moja.

La nne. Kila mjamzito awe na mwenzake wa kumsindikiza kliniki tangu mwezi wa pili au wa tatu. Wa Mbeya tunao Kitengo cha Wazazi cha Meta, wa Iringa tunayo hospitali ya rufaa ya mkoa, na wa vijijini tuna hospitali za wilaya na za misheni kama Chimala, Tosamaganga na Ilula. Kabla ya kwenda kulipa kokote, kwanza ulizeni kliniki yenu ni wapi penye kipimo na mtaalamu wa kukisoma. Mashine nzuri isiyo na msomaji ni kama barua mikononi mwa asiyejua kusoma.

MWISHO

Hali ya uzazi nchini imebadilika. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo vya kina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Ni hatua kubwa, tumshukuru Mungu na wahudumu wetu. Lakini mia moja na nne si namba tu. Ni viti mia moja na nne vitupu, na kila kiti kilikuwa na mtu kama sisi tulioketi hapa.

Miaka kumi iliyopita tulianza kuweka akiba kwa sababu tulichoka kugonga milango ya watu usiku. Hiyo ndiyo iliyokuwa maana ya sanduku. Tusilifungue kwa mazoea wala kwa kuangalia nani ana sauti kubwa kikaoni. Tulifungue kwa hesabu: picha moja kwa kila mama, mapema, ya pili kwa mwenye sababu, kliniki mara nane, na nauli ndani ya bahasha.

Mama yule wa Mbeya yupo nasi leo, amekaa safu ya mbele. Tulipomwendea kumwomba radhi na ruhusa ya kuyasema haya, alinyamaza kwa muda, kisha akatwambia: "Semeni. Ila wa nne akija kuomba, msimcheke." Mama, tumesikia. Na tumeliandika humu kijitabuni ili watakaokuja baada yetu nao walisome.

 

Kamati ya Mfuko wa Jamii